Muhogo wa Mstari wa Ndani

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemenya muhogo tangu asubuhi. Kucha zimekuwa nyeusi. Pipa la kwanza limejaa, la pili nusu. Maji yananuka vibaya, yaani yananuka vizuri, maana muhogo mchungu ukichacha sawasawa ndipo sumu inatoka. Siku nne ndani ya maji, halafu jua, halafu kinu. Hapo ndipo unapata unga. Ukiharakisha, unapika kifo.

Mama mkwe amenigombeza kwamba namenya kwa kutupa nyama pamoja na ganda. Amesema hivyo hivyo tangu nilipoolewa. Chola, mwanawe, mume wangu, alikufa ziwani, huu mwaka wa tatu, na mimi bado niko hapa namenyea mama yake muhogo. Watu wa hapa Nchelenge wanashangaa. Mimi pia. Wao wanamwita Bana Chola, yaani mama Chola, mimi namwita Mayo, mama tu. Yeye ananiita anavyotaka.

Namna yake ya kupanda ni ya kivita. Mistari ya nje yote ni muhogo mchungu. Mwizi akija akang'oa na kutafuna mbichi, atakoma. Nguruwe pori vilevile. Mstari wa ndani, ule unaogusa ukuta wa nyumba, ni mtamu, wa kutafuna au kuchemsha. Mgeni hajui mpaka uko wapi. Majirani wote wanajua.

Leo nimeonja ncha ya mzizi wa mstari wa ndani. Mchungu. Nimetema na bado ulimi unawasha. Nimemwambia Mayo. Amecheka mpaka akashika kiuno. "Hapana muhogo, mutoto yangu. Ni kinywa yako njo iko buchungu." Nimekasirika mpaka sasa.

Kule kambi ya Kenani, tulipokuwa wakimbizi wapya hapa Zambia, mwalimu wa kilimo alituambia jambo ambalo sijalisahau. Mmea hauna miguu. Adui akija, awe ugonjwa, mdudu, panya au jua, unapigana naye palepale uliposimama. Kila mmea una silaha yake mwilini. Muhogo unaitunza sumu yake vipande viwili, kila kipande chumba chake. Jino likivunja ukuta wa katikati, vipande vinakutana, na sumu inazaliwa mdomoni mwa yule aliyeuma. Mwaka wa ukame muhogo unaongeza silaha, kwa sababu umebanwa. Hata ule mtamu. Sisi tulikuwa tumetoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, Kongo, na risasi nyuma yetu. Nakumbuka nilifikiri, huu mmea una akili kuliko mimi.

Mvua ya mwaka jana ilikatika mapema. Ya mwaka huu haijaja.

Jumanne, 5 Novemba

Joto. Nimechanganya majani ya ububa na maharagwe ili wadudu wasitoboe. Wadudu wanakufa ndani ya gunia kimya kimya. Majani hayohayo vijana wanayatwanga na kuyamwaga kwenye maji ya vidimbwi, samaki wanaelea matumbo juu. Mti mzuri, maua meupe. Nimenawa mikono mara nyingi.

Muhogo uliokatwa jana umeanza michirizi ya bluu ndani. Mayo anasema umeoza. Mimi najua ni mzizi unajitibu kidonda, unamwaga dawa yake ili ugonjwa usiingie. Umekatwa, umetupwa kwenye ndoo, mti wake umeshakufa, na bado unapigana. Sikumwambia. Angecheka tena.

Jumatano, 6 Novemba

Nilitoka soko la Kashikishi na ndoo ya samaki kichwani. Nafika nyumbani, naona shimo kwenye mstari wa ndani. Udongo bado una unyevu. Nimeangusha ndoo.

Bana Mwape, jirani yetu, mke wa Kunda mvuvi, alikuja kuomba muhogo wa kutafuna. Kwao unga umekwisha. Mayo alimchimbia mizizi mikubwa, akampa bure, na chumvi juu yake. Anasema watu wana njaa, angefanya nini? Nimempigia kelele, mkwe wangu, mtu mzima, mbele ya kuku. Kisha nikakimbia.

Nimechelewa. Mwape, mtoto wao wa miaka sita, alikuwa chini ukutani. Povu. Macho yamegeuka. Miguu inapiga vumbi. Kunda mwenyewe alikuwa amejishika kwenye mlango, anatapika. Mkewe hakula, alikuwa amewaachia wao. Tulimbeba mtoto mpaka barabarani, pikipiki ikampeleka kiliniki, mama yake nyuma amemkumbatia. Mimi nilibaki barabarani na ndala moja ya mtoto mkononi.

Mayo haamini. Muhogo wake wa ndani haujamdhuru mtu tangu alipoolewa, anasema. Watakuwa walikula kitu kingine. Samaki, labda. Nimemwambia aonje. Amenigeuzia mgongo.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwape amekufa alfajiri. Kunda yuko hai.

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Mayo hajala kitu.

Ijumaa, 8 Novemba

Bado hawajazika. Wanangoja ndugu za Kunda kutoka Mofwe.

Nilikwenda kukaa msibani. Wanawake walisogea, upande wangu mkeka ukabaki mtupu. Niliwaambia ni ukame, muhogo wa ndani umegeuka mwaka huu. Walinisikiliza mpaka mwisho. Halafu mmoja wao, anayeuza vitenge kule ng'ambo, akaniuliza kwa Kiswahili ili nielewe vizuri: "Kama ni jua, juu ya nini haikuue ninyi benyewe benye shamba?"

Jibu la kweli ni kwamba sisi tunakula bukari, ugali wa muhogo wa mistari ya nje, uliolowekwa siku zote nne. Muhogo mbaya umetulinda, muhogo mzuri umeua. Sema hivyo kwenye msiba wa mtoto uone.

Nasikia watabeba sanduku. Hapa mtu akifa kifo kisichoeleweka, vijana wanalibeba jeneza mabegani na kumuuliza marehemu nani amemuua. Wanasema marehemu anawavuta. Wanakwenda huku na huku mpaka jeneza ligonge nyumba ya mchawi, na huyo mchawi hapelekwi popote, anamalizwa palepale. Niliona mara moja, Kashikishi, mzee mmoja muuza nyavu. Walitumia matofali. Niliota matofali mwezi mzima.

Nimemwambia Mayo tuvuke, boti ya Pweto ipo, ndugu zangu wapo. Amekataa. "Nikikimbia, batasema ni kweli." Nimekimbia mara mbili maishani mwangu na bado ninajiheshimu. Nimemwambia hivyo. Namchukia kwa ukaidi wake, na siwezi kumwacha, na hilo nalo nalichukia.

Mtu ametupa jiwe juu ya paa jioni. Moja tu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nawasikia. Wanaimba. Bado wako upande wa kanisa. Mayo amevaa chitenge chake kipya na amefagia mlangoni.

Jumatatu, 11 Novemba

Kiliniki. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika.

Naandika sasa kabla hawajanipa tena dawa ya usingizi.

Vijana walikuwa wengi chini ya sanduku dogo ambalo wawili wangelibeba. Walikuwa wanayumba, jasho, pombe inanuka. Kunda mbele yao na panga. Sanduku likagonga mlango wetu, likarudi nyuma, likagonga tena. Pembe moja ikapasuka. Mtoto ndani. Nilisikia mwili wake ukigonga mbao. Sauti hiyo haitoki.

Mayo alitoka mwenyewe. Mdogo, mwembamba, kitambaa kichwani kama anakwenda misa. Kunda akapiga kelele: "Ulimupatia nini mutoto yangu?"

"Muhogo, baba. Ile ya kutafuna."

"Basi ukule! Ukule mbele ya batu!"

Umati ulilipenda neno hilo. Ukule! Ukule! Wakang'oa shina zima kwenye mstari wa ndani, wakakata mzizi kwa panga, hawakuumenya, wakampa. Utomvu mweupe ukamtiririka mkononi.

Naye alifurahi! Niliona usoni. Alidhani amepona. Atatafuna muhogo wake mtamu mbele yao wote, atasimama, na wao watarudi makwao na aibu. Ajuza wa miaka sabini, tumboni hamna kitu tangu Alhamisi, anaupeleka mdomoni huku anatabasamu.

Nilimpiga. Nilimpiga mkono kwa nguvu zangu zote, mzizi ukaruka, yeye akaanguka. Halafu mtu mmoja akasema, wala hakupaza sauti: "Anajua. Mukongomani anajua iko sumu."

Ndiyo. Nilijua. Tangu Ijumaa nilikuwa nimewaambia kwamba najua, hawakunisikia. Sasa wakasikia.

Siwezi kuandika yote. Mpini wa jembe. Mateke. Kunda alinipiga mkono uleule, kwa bapa la panga, akaurudia. Nilimuuma mguu mpaka nikaonja damu yake. Nafurahi. Waliwasha paa, nyasi kavu, moto ulikuwa juu yetu kabla sijaelewa. Mayo akanilalia. Matofali yalikuwa yanampiga yeye, si mimi. Kila moja nililisikia kupitia mbavu zake. Hakupiga kelele. Alikuwa ananihemea sikioni tu.

Kisha polisi, risasi hewani, watu wakatawanyika. Nilipofungua macho uwanja ulikuwa mtupu. Sanduku walikuwa wameliacha chini, kwenye vumbi, peke yake. Polisi ndio walioliinua.

Mayo yuko kitanda cha pembeni yangu. Jicho la kushoto limefungwa, halijulikani kama litaona. Nawachukia wote waliokuwepo. Nawataja mmoja mmoja kichwani ili nisisahau sura hata moja.

Jumanne, 12 Novemba

Mwape alizikwa jana. Leo asubuhi muuguzi alipokuwa anatufunga bandeji alituambia, kwa wema tu, ili tusije tukashtuka, kwamba shamba letu limechimbwa. Mstari wa ndani wote. Wameupeleka msibani. Watu wa Mofwe ni wengi, chakula hakuna, wanachemsha muhogo. Wanasema muhogo hauna kosa, mchawi alitia kitu kwenye ule aliogawa tu.

Nilicheka. Mbavu ziliuma, nikacheka. Kuleni. Kuleni wote, Kunda na vijana wake na yule wa matofali. Mimi sina mkono, mmea utanilipizia. Nilitaka kulala chali nisikilize vilio vikianza. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilipogeuka, Mayo alikuwa ameketi, miguu inatafuta ndala chini ya kitanda.

Nikamuuliza anakwenda wapi. "Ku kilio." Nikamwambia watamuua, safari hii kabisa. Akasema: "Ile siku, niliramba mukono yangu. Iko buchungu. Ulisema kweli." Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kuniambia kwamba nimesema kweli. Sikujua niweke wapi neno lile. Nikamshika nguo. "Bakule," nikamwambia. "Bakufe." Akanitoa vidole, kimoja kimoja, bila hasira. "Iko batoto kule."

Basi nikaamka. Si kwa huruma. Ana jicho moja, angejikwaa njiani, wangemmaliza kabla hajaifikia sufuria, na mimi ningelazimika kumzika kwa mkono mmoja.

Tulitembea. Watu walisimama barabarani kuangalia wachawi wanaokwenda msibani kwa miguu yao. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya mlango. Hakuna aliyetugusa. Nafikiri walituogopa kweli.

Lilikuwa pipa lililokatwa nusu, juu ya mafiga, linachemka. Watoto wameketi mstari na sahani zao. Mvuke ulikuwa na harufu ya muhogo mchungu. Mayo alisimama katikati ya uwanja na kuanza kusema Kibemba, polepole, kama anafundisha mwali kupika. Mmea umeteseka na jua. Umegeuka mchungu mpaka ndani. Kuchemsha hakutoshi. Mwageni, mloweke, msubiri. Kunda akainuka. Mguu wake umefungwa kitambaa pale nilipomuuma. Akachomoa ukuni chini ya pipa, ncha yake inawaka, akaja.

Nilijiweka mbele ya Mayo. Mkono mmoja, mwingine plasta. Niliogopa sana. Nilijikojolea kidogo, naandika na hilo.

Bana Mwape alikuwa ameketi chini kati ya wanawake. Walisema hajatamka neno tangu mazishi. Aliinuka. Hakutuangalia. Alikwenda kwenye lundo la muhogo ambao bado haujapikwa, akachukua mmoja, akaumenya kwa meno, akauma. Akatafuna. Akatema. Akabaki amesimama na mdomo wazi.

Kisha akasema, si kwetu, si kwa mtu yeyote: "Alinambia. Mwape alinambia, 'Mayo, chilelula.'" Mama, ni mchungu. Alirudia neno lile la mtoto, chilelula, chilelula. Naye alimjibu kula, usichague chakula, leo hakuna kingine. Na mtoto akala, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa akalisukuma kwa viganja vitupu. Nilisikia ngozi ikiungua. Alisukuma mpaka likapinduka, maji yakamwagika juu ya miguu yake na juu ya moto, muhogo ukatapakaa, watoto wakaruka wakilia. Majivu yakatufunika wote. Kunda alikuwa bado ameshika ukuni wake. Aliutazama kama hajui ulivyofika mkononi mwake, akauweka chini, akaenda kumwinua mkewe.

Hakuna aliyekula. Hakuna aliyekufa. Nilingoja nifurahi. Mayo alikuwa amenishika kiuno ili nisianguke, au mimi nilimshika yeye.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ndogo. Haikutosha hata kulaza vumbi.

Jumapili, 17 Novemba

Tuko nyumbani tangu Jumatano. Kuta zimesimama, nyeusi. Juu hakuna kitu. Jicho la Mayo halitaona tena, wametuambia jana. Amepokea kama anavyopokea bei ya samaki. Bana Mwape bado yuko kiliniki, viganja na miguu. Mayo anampelekea uji kila asubuhi na wanakaa pamoja. Mimi siendi ndani. Nangoja nje.

Baada ya misa hakuna aliyetusalimia. Hakuna aliyetema mate pia.

Mchana Kunda alikuja na mafungu ya nyasi kichwani na kamba begani. Hakupiga hodi. Alichechemea mpaka ukutani, akaegemeza miti mipya aliyokuwa ameiacha njiani, akaifunga, akapanda, akaanza kuezeka. Nilichukua mchi. Mayo aliniondolea mkononi, akaurudisha kwenye kinu. Sijamsamehe. Hakuomba. Mkono wangu unauma nikimwona tu.

Alifanya kazi jua zima. Nyasi ni fupi mwaka huu, ilibidi apange mara mbili mbili. Mayo alimwekea kikombe cha maji juu ya ukuta. Hakukigusa, kisha akakigusa.

Alasiri kelele za kamba zilikoma. Niliinua kichwa. Alikuwa amekumbatia boriti kwa mikono yote miwili, mabega yanaruka, uso amezika kwenye nyasi ili tusisikie. Tulisikia. Mayo akaniambia nisimtazame.

Nikageukia ziwa. Boti za Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, zilikuwa zinarudi, moja nyuma ya nyingine. Nilizitazama mpaka niliposikia tena anafunga nyasi.